Vipande Mia Sita

Barua imefika jana kwa bodaboda, na imeandikwa vizuri sana. Inasema kwamba mimi, Benedicta Kihwele, ofisa wa kampeni kwa mkataba wa miezi sita, nimeharibu kwa makusudi mabango mia sita ya mradi. Inanitaka nirudishe vipande vyote nilivyokata, mia sita kamili, ndani ya siku saba. La sivyo mkataba umekwisha, na jina langu litapelekwa kwenye miradi mingine yote ya kanda hii, kutoka Iringa mpaka Mbeya, ili wanijue. Sawa, wanijue. Ila kabla hawajanijua kwa kalamu ya mwingine, acha nijitambulishe mwenyewe.

Kwanza, nilikata kweli. Sikatai. Sisi Wahehe tunasemwa kwa hasira, na wiki ile zangu zilitosha kugawia na majirani. Lakini mkasi haukushikwa kwa hasira. Ulishikwa kwa mpango, na kupanga ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Mradi wenyewe ni wa kuelimisha umma kuhusu mapori ya hifadhi: wanyama walindwe, watu waelewe kwa nini. Nilikuwa nimetangaza redio ya jamii hapa Iringa miaka kumi na miwili, kipindi cha wakulima asubuhi na cha salamu jioni, ndipo mratibu wa mradi akanifuata. Anaitwa Gerson, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mstaarabu, shati lake limepigwa pasi mpaka mfukoni. "Dada Bene," aliniambia, "sauti yako watu wanaiamini. Njoo tupange wote." Tukapanga miezi mitatu, hotelini, tukibandika karatasi kubwa ukutani na kuzibandua. Tukakubaliana juu ya vipindi vya redio, mikutano ya vijiji na mabango. Uzinduzi ungefanyika Jumamosi katika kijiji cha Ihomasinga, kijiji cha mwisho kabla ya kuingia pori la akiba, na mgeni rasmi angekuwa mkuu wa wilaya.

Ihomasinga ndiko kwetu.

Gerson alitaka nyuso. Alisema amechoka na mabango yenye watu wa kwenye mtandao, watu wenye meno yote. Nami nilikuwa nimechoka nayo. Nikaenda nyumbani na simu yangu, nikapiga picha arobaini: akina mama kisimani, wachunga mbuzi, mwalimu, watoto wa shule. Ya mwisho ilikuwa ya baba mkubwa Vitus, na ndiyo iliyoleta haya yote.

Baba mkubwa ni kaka wa marehemu baba yangu. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na huyu ndiye aliyeuza mbuzi wake mmoja mmoja kunisomesha mpaka nikamaliza sekondari kule Tosamaganga. Kwetu kila ukoo una mwiko wake, unaurithi kwa baba: mnyama usiyemla hata njaa ikutoe roho. Wa ukoo wetu ni mbawala. Wengi siku hizi wanaishia hapo, usimle, basi. Baba mkubwa haishii hapo. Kwake, ukimkuta mbawala amenaswa unamnasua, na ukikuta mtego unautegua, kwa sababu hujui ni nani atapita kesho. Tangu ujana wake anaingia pembezoni mwa pori kutoa nyaya za mitego. Hajawahi kuvaa sare wala kuombwa na mtu. Waya mmoja ulifyatuka vibaya ukaondoka na kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto, na wiki iliyofuata akarudi porini. Nyaya zote anazifunga hamsini hamsini, anazitia kwenye sandarusi, anazihifadhi ghalani. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini hazitupi. "Nikizitupa watazitega tena," alinijibu, akaendelea kula.

Kwa hiyo nilimpiga picha mlangoni mwa ghala, ameshika fungu la nyaya, ananitazama kama anavyonitazama nikichelewa kurudi. Sijawahi kupiga picha nikajivunia kama ile. Nikazituma zote arobaini kwa mchoraji aliyeko Dar es Salaam. Na hapa ndipo kosa langu lilipo, nalisema kwa mdomo wangu mwenyewe: nilituma picha ya mtu bila jina lake. Ihomasinga nzima, hata mtoto wa chekechea anajua zile nyaya mkononi mwa mzee Vitus zimetoka wapi. Haikunijia akilini kwamba Dar es Salaam hawajui.

Jumanne Gerson akanituma Mbeya kwa wachapaji, nikachukue mabango. Nilifika mchana. Mabunda sita yalikuwa yamepangwa sakafuni, yamefungwa kamba. Nikafungua moja ili nione kazi.

Baba mkubwa alinitazama kutoka sakafuni. Uso umejaa bango zima, macho wameyatia giza, nyuma yake wamemwaga wekundu kama wa buchani. Nyaya zake mkononi zinang'aa. Chini, kwenye utepe mwekundu wenye upana wa kiganja, herufi nyeupe: HUYU NI JANGILI. ANAIBA URITHI WA WATOTO WAKO. MFICHUE. Na namba ya simu ya kumfichulia.

Nikaketi juu ya bunda. Nililia mbele ya watu nisiowajua, na sikujali. Mchapaji, mama mmoja mpole, aliinama kuniuliza, "Dada, rangi haijatoka vizuri?"

"Imetoka vizuri mno," nilimwambia.

Nikampigia Gerson.

"Kaka Gerson, huyu kwenye bango ni baba yangu mkubwa."

"Yupi huyo?"

"Huyu jangili wenu."

Akasema, na nadhani alimaanisha, "Ndaga, dada. Pole sana. Mimi sikujua."

"Hizo waya amezitoa yeye porini. Miaka yote anazitoa. Mmembandika wizi."

"Nakuelewa. Tutarekebisha toleo la pili."

"Hilo toleo la pili litamkuta ameshakufa kwa aibu."

"Dada Bene, nisikilize. Wafadhili wameshaiona, wameipitisha, wanasema ina nguvu. Hotuba ya mgeni rasmi inaitaja. Uzinduzi ni Jumamosi hii hii. We lete mabango, tutaongea."

"Nitaleta," nilisema. Sikusema nitayaleta wapi.

Safari ya kurudi niliketi upande wa buti. Kila basi liliposimama na buti kufunguliwa nilishuka, nikasimama mbele ya mabunda yangu. Pale Nyololo walikuwa wanapakia magunia ya viazi, na bango la juu lilikuwa limechungulia nje ya kamba. Kondakta akalitazama, akasoma. "Hawa wafungwe tu," alisema. Ningemweleza vipi, kwa dakika mbili, kando ya barabara kuu? Ndipo nikaelewa uzito wa kitu nilichobeba. Ihomasinga wangecheka, wanamjua. Lakini Nyololo? Makambako? Chunya huko kwa wachimba dhahabu, ambako mradi ulipanga kupeleka mia moja? Huko kote baba mkubwa angekuwa mtu mmoja tu, jangili, na asingekuwapo kujitetea.

Jumatano asubuhi sikwenda ofisini. Nilipanda basi la Ihomasinga na mabunda yangu yote.

"Kamwene," nilimsalimu, na baada ya salamu zote za nyumba na za mifugo, nikamkabidhi bango. Alivaa miwani yake, ile ambayo mkono mmoja ulivunjika akaufunga kwa waya, akasoma taratibu huku midomo ikicheza.

"Nimetoka vizuri," alisema. Akasoma tena. "Haya maneno ya nani?"

"Ya mradi, baba."

"Nawe si wa mradi?"

Hakusema kwa ukali. Angefoka ningepata nafuu. Nikapiga magoti pale pale uani, nikamwomba msamaha, nikamweleza habari ya picha niliyotuma bila jina.

"Inuka," alisema. "Mwanamke wa watu unapiga magoti mbele ya jangili, watu watakuonaje?"

Nikacheka huku nalia. Yeye hakucheka. Aliweka mkono wenye vidole vinne juu ya ule utepe mwekundu, akayafunika maneno.

"Tuyachome," nilisema.

"Uchome sura yangu? Moto utautia wewe?"

"Basi tufanyeje?"

"Yabandike. Hivi hivi. Mi nitaenda kukaa chini yake. Anayetaka kunifichua aje, sina haja ya kukimbia."

"Utakaa chini ya mabango mia sita? Nyololo utakaa? Chunya utakaa?"

"Nitakaa!"

"Hukai!"

Wahehe wawili wakigombana uani, kijiji kizima kinajua chakula cha mchana kitachelewa. Happy, fundi cherehani wa jirani, alikuwa amesimama kwenye ua na futikamba shingoni, anasikiliza bila aibu. Akaingia, akalichukua bango, akalipima chini.

"Sura nzuri, maneno mabaya," alisema. "Si mkate tu? Mbona gauni likiharibika pindo hatuchomi gauni."

Tukamtazama wote wawili.

Alhamisi na Ijumaa tulikaa barazani kwa Happy, wanawake tisa. Mikasi minne. Happy alikata bango la kwanza mwenyewe: sura ya baba mkubwa ikabaki, utepe mwekundu ukaanguka. Kisha akachukua ukanda wa karatasi ya kaki, ile ya kufungia bidhaa dukani, akaushona chini ya picha kwa cherehani, mshono mmoja ulionyooka kama wa suruali ya bwana harusi. Ukanda mweupe wa kuandikia ungekuwa bora, lakini duka la Ihomasinga lina kaki.

Ikabaki nini kiandikwe. Mimi ni mtu wa maneno, nikaja na yangu: HUYU NI SHUJAA WA PORI. Baba mkubwa alikuwa ameketi kando anachokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti.

"Shujaa nani?" alisema. "We andika jina langu. Halafu andika mwiko wangu. Halafu waulize na wao wa kwao."

"Basi?"

"Wewe unataka nini kingine? Mtu akiulizwa mwiko wake, lazima amkumbuke baba yake. Akimkumbuka baba yake ataona haya."

Miezi mitatu hotelini, chai ya saa nne na ya saa kumi, na hakuna hata mmoja wetu aliyelifikia hilo. Tulishika kalamu za wino mzito, tukaandika kwa zamu, kila mwanamke na mwandiko wake: Huyu ni Vitus Kihwele. Mbawala ni mwiko wake. Wewe mwiko wako nini?

Nilimwona baba mkubwa akizunguka miguuni kwetu akiokota vile vipande vyekundu. Nikadhani anatusaidia kufagia.

Gerson alifika Jumamosi saa mbili asubuhi. Simu zake thelathini na moja nilikuwa sijapokea. Mabango yalikuwa tayari ukutani: shuleni, kwenye mashine ya kusaga, kanisani kwa ruhusa ya katekista, kilabuni kwa ruhusa ya wote. Alisogea kwenye la karibu, akasoma, akagusa mshono kwa kidole.

"Dada Bene, umechana mali ya mradi."

"Nimekata. Na Happy ameshona."

"Hivyo vipande viko wapi? Nina gundi kwenye gari. Tuna masaa mawili mgeni rasmi hajafika."

"Sikupi."

"Unajua unachokifanya lakini? Hawa watu walioleta hii pesa wanataka lile bango. Nitawaambia nini mimi?"

"Waambie nimekataa. Jina langu unalijua, liandike lote."

"Mimi nilikuajiri kwa ajili ya sauti yako, siyo mikasi!"

"Na sauti yangu ndiyo hii unayoisikia. Hapana. Nimeisema Mbeya kwa simu ukaniambia toleo la pili. Nakuambia tena uso kwa uso: hapana, hapana, na ukiniuliza kwa Kinyakyusa nitajifunza leo hii nikujibu."

Sikumchukia, na mpaka leo simchukii. Ni mtu anayewaogopa watu ambao mimi sikuwahi kukutana nao. Akarudi garini, akakaa na milango wazi, gundi mapajani.

Mkuu wa wilaya alikuja, ngoma zikapigwa, akaanza hotuba aliyoandikiwa. Alifika ukurasa wenye maneno "kama huyu jangili mnayemwona kwenye bango," akainua macho kulitazama bango. Akasoma kwa sauti, taratibu, kilichoandikwa kwenye kaki. Kisha akauliza, "Huyu Vitus yupo hapa?"

"Yupo!" kijiji kilijibu.

Baba mkubwa alikuja na sandarusi mbili, akazimimina mezani mbele ya mgeni rasmi. Nyaya zilianguka zikajaa meza, nyingine zikafika chini, na kelele zake zilinyamazisha hata watoto.

"Shikamoo zangu mtanipa baadaye," alisema. "Hizi nimezitoa mimi. Zimebaki sandarusi tano nyumbani. Sijaja kusifiwa. Nimejibu la kwangu, mbawala. Nasubiri mnijibu na nyie."

Bibi mmoja nyuma akapaza sauti: "Kanga!" Mwingine: "Nguruwe pori!" "Pundamilia!" Wakaanza kusimama ukoo kwa ukoo, wanacheka, wanataniana kwa kusahau, vijana wanawauliza baba zao masikioni. Mkuu wa wilaya alikunja hotuba yake. "Kwetu ni tandala," alisema kwenye kipaza sauti. "Marehemu baba aliniambia mara moja tu. Nilikuwa nimesahau, jamani."

Saulo alikuwa ameegemea ukuta wa shule. Kila mtu pale anajua nyama anayopeleka mjini inatoka wapi. Alisema jibu lake kwa sauti ndogo, lakini tulimsikia: "Mbawala." Ni wa ukoo wetu yule. Hamli, anamwuza tu. Baba mkubwa alimtazama bila kupepesa, watu wote wakisubiri amfichue, mkuu wa wilaya akiwa pale pale.

"Njoo unisaidie kubeba hizi," alimwambia.

Saulo akaja. Aliinamisha kichwa, akaanza kuzoa nyaya kutoka mezani na kuzirudisha kwenye sandarusi, moja moja. Nyingine nadhani alizitambua.

Hayo yalikuwa wiki tatu zilizopita. Sijui Saulo anafanya nini sasa, na sitadai kwamba pori limepona. Najua kwamba mabango yaliyobaki niliyagawa kwa makondakta mmoja mmoja, bila ruhusa ya mtu, mpaka Mbeya. Juzi nilipita Nyololo. Lile la stendi lipo, mshono umeshika, na kwenye kaki chini ya swali letu watu wamejaza kwa kalamu za wino: kanga, nyani, pundamilia, "wetu simjui namuuliza babu." Nafasi imekwisha, wameanza kuandika ukutani.

Halafu jana, barua.

Leo asubuhi nimempelekea baba mkubwa. Sikutaka kumficha, kwa sababu ni yeye atakayeniona nimekaa bila kazi. Amevaa miwani yake, ameisoma mpaka kwenye muhuri.

"Wanataka vile vipande."

"Mia sita. Wanasema nikivirudisha, mkataba unabaki."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimekuja kukuuliza wewe. Sura ni yako."

Amenyanyuka, ameingia ghalani, nami nimemfuata. Nyuma ya sandarusi za nyaya kulikuwa na moja mpya. Amenifungulia. Ndani mlikuwa na vipande vyekundu, vimekunjwa vizuri, HUYU NI JANGILI juu ya HUYU NI JANGILI, vimefungwa kwa waya hamsini hamsini, mafungu kumi na mawili. Amenionyesha, amefunga tena mdomo wa sandarusi, ameirudisha mahali pake katikati ya zile nyingine.

"Chukua kalamu," ameniambia. "Waandikie hivi: mtego nikishautegua, simrudishii aliyeutega."

Nimeandika hivyo hivyo. Chini yake nimeweka jina lake lote, na chini ya lake nimeweka langu.